Hana Mtu

Tafakari ya juma: Yohana 5:1–9

Huku kwetu mtu akitaka kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa, jirani humuuliza kwanza: "Una mtu pale?" Maana yake, je, unamfahamu daktari, muuguzi, karani wa mapokezi, au hata mlinzi wa getini, wa kukushika mkono usipotelee kwenye foleni? Mwenye mtu huingia kwa mlango wa nyuma. Asiye na mtu hukaa benchi mpaka jua linatua. Nimelisikia swali hilo tangu utoto wangu Muheza, na somo la juma hili nimelihubiri mara nyingi, lakini sikuwahi kuona kwamba mambo haya mawili ni jambo moja mpaka nilipovunjika mkono ugenini.

Habari yenyewe mnaikumbuka. Kando ya birika la Bethzatha, chini ya matao matano, wamejaa vipofu, viwete na waliopooza, wakingoja maji yatibuke, kwa sababu waliamini kwamba anayetangulia kuingia ndiye anayepona. Mmoja wao ameugua miaka 38. Yesu anamuuliza kama anataka kupona. Yule mgonjwa hajibu ndiyo wala la. Anaeleza kwamba hana mtu wa kumshusha majini, na kila akijikokota, mwenzake amekwisha kumtangulia.

Mimi nilikuwa Uingereza kwa mwaka mmoja wa masomo ya uchungaji, katika mji mmoja wa kaskazini. Ilikuwa Februari, mwezi wa tano tangu nifike. Usiku kulikuwa na manyunyu, na alfajiri lami ikawa imevikwa barafu nyembamba isiyoonekana kwa macho. Wenyeji huiita barafu nyeusi, kwa kuwa unachokiona ni weusi wa lami yenyewe. Nilikuwa nawahi basi. Nilianguka, nikatanguliza kiganja cha kulia, nikasikia mfupa.

Kabla ya kwenda hospitali nilipita chumbani kwangu kuchukua pauni 60 nilizokuwa nazo. Sikufikiri, mkono mzima uliufuata mkoba wenyewe, kama ambavyo ungefanya nyumbani. Kitengo cha dharura walinitaka jina, tarehe ya kuzaliwa na mahali ninapoishi. Nikasubiri swali la nne, halikuja. Muuguzi mmoja, mwenyeji wa Kerala kule India, aliukagua mkono kwa dakika chache, akanipa vidonge vya maumivu na kuniambia nikakae. Nilikaa saa saba.

Katika saa hizo saba niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona mahali popote pa wagonjwa. Waliofika baada yangu waliitwa kabla yangu: mtoto aliyekuwa akihangaika kuvuta pumzi, mama aliyeshika kifua, kijana aliyeletwa na gari la wagonjwa akiwa hajitambui. Hakuna aliyenung'unika. Kulia kwangu aliketi bwana mwenye suti na viatu vya kung'aa, kifundo chake cha mguu kimevimba. Kushoto kwangu alilala mtu anayeishi mitaani, ananuka pombe, ana jeraha kichwani. Huyu wa kushoto aliitwa kwanza. Bwana mwenye suti aliinua miguu ili ampishe, akaendelea kusoma gazeti lake.

Hapo ndipo Bethzatha iliponijia. Kwenye birika lile, anayepona ni yule anayeweza kukimbilia maji, yaani yule ambaye ugonjwa wake ni mdogo kuliko wa wenzake wote. Mpangilio wenyewe ulimsahau aliyeumia zaidi, na ndiyo maana aliyepooza alikaa miaka 38. Kwetu pia ndivyo ilivyo. Kasi ya miguu tumeibadilisha tu kwa fedha na kujuana. Watu wale wa kaskazini walikuwa wameupindua utaratibu wa birika juu chini. Nilipowauliza baadaye, hawakuona kama wamefanya jambo. Walinilalamikia zile saa saba.

Na walikuwa na haki ya kulalamika. Lengo lao wenyewe ni kwamba wagonjwa 95 kati ya kila 100 wanaofika dharura wawe wamehudumiwa ndani ya saa nne, na kwa England nzima lengo hilo halijafikiwa tangu mwaka 2015. Maombi ya matibabu yanayosubiri zamu hospitalini yamepita milioni 7. Mama mmoja wa usharika niliokuwa nikihudumu alikuwa amengoja kubadilishiwa nyonga miezi 14, akija ibadani kwa magongo mawili. Kumpata daktari wa mtaa ni kupiga simu saa mbili kamili asubuhi, laini ikilia kuwa inatumika, ukipiga tena na tena. Sisemi haya ili nipunguze sifa niliyoitoa. Nayasema kwa sababu nisingependa mtu anisikie nikidhani nilikuwa mbinguni.

Saa kumi jioni mkono ulikuwa umepigwa picha, umenyooshwa na kufungwa hogo. Nikamuuliza muuguzi dirisha la malipo liko wapi. Aliniangalia kwa huruma, akasema kama sikuja na gari sina cha kulipa. Malipo pekee aliyoyajua katika jengo lile yalikuwa ya kuegesha gari.

Nilitembea hadi kituo cha basi nikiwa na pauni zangu 60, nikalia. Sikulia kwa ajili yangu. Nilikuwa namlilia mjomba wangu, na habari zake nitazifikia.

Kusema kwamba ni bure si kusema kweli. Mimi mwenyewe, juu ya ada ya viza, nilikuwa nimetozwa pauni 776 za huduma ya afya kwa mwaka, na wale wenyeji hukatwa kodi tangu ujana wao. Wengi wanaoishi England hulipa pauni 9.90 kwa kila dawa iliyoandikwa na daktari, ingawa wazee na watoto wamesamehewa, na huko Wales na Scotland kila mtu amesamehewa. Kwa hiyo matibabu yamelipiwa. Ila yamelipiwa mapema, siku ambayo mtu ni mzima na ana kazi, na aliyelipa hajui atakayetibiwa ni nani. Mfupa wangu ulinyooshwa kwa jasho la watu ambao hawatanijua milele.

Nilitaka kujua nani aliwafundisha. Likizo ya Pasaka nilisafiri hadi Tredegar, mji mdogo wa mabondeni kusini mwa Wales, ambao hauna hata stesheni ya treni siku hizi; unashuka mji mwingine na kumalizia kwa basi. Hapo ndipo alipozaliwa Aneurin Bevan mwaka 1897. Aliingia mgodi wa makaa ya mawe akiwa na miaka 13. Baba yake, mchimbaji pia, aliuawa na vumbi la mgodi lililojaa mapafuni. Wachimbaji wa mji ule walikuwa wamepatana kwamba kutoka kila pauni ya mshahara zikatwe senti chache ziingie mfuko mmoja. Mfuko ukaajiri madaktari, ukaendesha hospitali, ukanunua miwani na meno ya bandia, na mwishowe karibu mji mzima ukawa ndani yake. Bevan alikaa kwenye kamati za mfuko ule akiwa kijana. Alipofanywa Waziri wa Afya mwaka 1945, nchi ikiwa bado ina vifusi vya vita na chakula cha mgao, alichotaka ni kuifanya nchi nzima iwe Tredegar. Tarehe 5 Julai 1948 NHS, Huduma ya Taifa ya Afya, ikaanza kazi. Kuna mwanamke wa Wales, Aneira Thomas, aliyezaliwa dakika moja baada ya saa sita usiku wa siku ile. Anasimulia kwamba mama yake alihimizwa asisukume mpaka saa igonge, maana kabla ya hapo uzazi ulikuwa wa kulipia. Jina alipewa kwa heshima ya Bevan.

Nilisimama chini ya mnara wa saa wa Tredegar, upepo ukinikata masikio, nikasema moyoni: hiki nakijua. Hiki ni chama cha kufa na kuzikana. Ni daftari lile lile, mweka hazina yule yule, shilingi ile ile ya kila juma. Tofauti ni kwamba wale wachimbaji walianza kuchangia mtu akiwa bado anapumua.

Sasa nirudi kwenye mji wangu wa kaskazini, kwenye mtaa wa nyumba zilizoungana kuta. Nilikaa pale miezi mitano bila kulijua jina la jirani. Nilimsikia akikohoa ukutani. Tulipokutana mlangoni alisema neno moja kuhusu hali ya hewa, akaingia ndani. Nilihuzunika, nikadhani hanipendi. Juma lile nilipofungwa hogo, Jumatano asubuhi nilikuta pipa langu la taka limekwisha kutolewa barabarani. Jioni lilikuwa limerudishwa pembeni ya mlango. Ikawa hivyo kwa majuma sita. Hakugonga mlango, hakuuliza naendeleaje, na siku nilipomshukuru alisema si kitu, akabadilisha mazungumzo. Nikaelewa kwamba upendo wao una aibu. Unakuja mlangoni, unafanya kazi, unaondoka kabla hujafungua. Nimejifunza kuuheshimu, lakini sina budi kusema kwamba kuna kiu ambayo upendo wa namna hiyo hauifikii, na wao wenyewe wanajua. Mwaka 1953 kasisi mmoja wa London, Chad Varah, aliweka simu katika kanisa la St Stephen Walbrook ili mtu yeyote aliyekata tamaa, aliyefikia kutaka kujiua, apate wa kumsikiliza. Kazi hiyo ikawa chama cha Samaritans, ambacho simu zake zinapokelewa hata usiku huu. Na mwaka 2018 serikali yao iliteua waziri wa kushughulikia upweke. Nilipowasimulia kwa simu watu wa nyumbani kwamba kuna waziri wa upweke, walinyamaza kimya.

Sehemu ya masomo yangu ilikuwa kuwatembelea wagonjwa wodini kila Alhamisi. Kuna mzee mmoja, dereva wa mabasi mstaafu wa miaka 84, niliyezungumza naye kuliko wote. Alikuwa amekwisha kupona nimonia iliyomleta. Daktari alikwisha kumruhusu. Lakini alikaa kitandani pale majuma matatu zaidi, kwa sababu nyumba yake ina ngazi, mke amefariki, mwana wa pekee yuko Australia, na hakupatikana wa kumvisha soksi asubuhi. Siku za baridi, wagonjwa kama yeye katika hospitali za England huwa zaidi ya 10,000 kwa wakati mmoja: wazima wa kutosha kuondoka, wasio na pa kupokelewa. Vitanda vinajaa, na kule chini kwenye dharura mtu mwenye mkono uliovunjika anakaa saa saba. Ndipo nilipoelewa kwamba foleni yangu ilikuwa imeanzia kwenye upweke wa yule mzee.

Sheria zao zenyewe zinaonyesha mahali nguo iliposhonwa vibaya. Siku ile ile ya tarehe 5 Julai 1948 ilianza pia sheria nyingine, ya kuwatunza wazee na wasiojiweza, na hiyo iliachwa kwa halmashauri na kwa kupima mali ya mtu. Mpaka leo, mzee wa England mwenye akiba au mali ya zaidi ya pauni 23,250 hujilipia mwenyewe malezi yake ya uzeeni. Ukivunjika mfupa, taifa zima linakubeba. Ukihitaji mkono wa kukuinua kutoka kwenye kiti, unaulizwa una kiasi gani.

Siku moja yule mzee akaniuliza: "Padri, kwenu mtu akiugua inakuwaje?" Nikamsimulia habari za mjomba. Alikuwa na kisukari, mguu ukaoza, akalazwa hospitali ya mkoa majuma sita. Kila asubuhi tulipewa karatasi: glavu, dawa, bandeji, kipimo, kalipie kwanza, rudi na risiti. Shamba lake la machungwa liliwekwa rehani juma la pili na halikurudi. Zamani huduma zetu zilikuwa bure, mpaka uchangiaji ulipoanza mwaka 1993. Yeye aliukuta uchangiaji. Tulikuwa ndugu kumi na mmoja tukipokezana, wanawake wakilala kwenye mikeka chini ya mwembe wa hospitali, uji ukija kwenye chupa ya chai, shangazi akimgeuza ubavu kila saa usiku. Alipofariki, tulichangishana siku mbili ndipo tukakabidhiwa mwili.

Nilipomaliza nilikuwa natetemeka. Nilingoja aseme lolote kuhusu shamba, au kuhusu mwili. Yule mzee alinitazama muda mrefu, macho yamemlowa, akauliza kwa sauti ya chini: "Watu kumi na mmoja?"

Sikuwa na jibu. Mimi miezi yote ile nilikuwa nimemwonea wivu kwa kuwa hakuna aliyemdai senti.

Kiswahili chetu kinamwita muuguzi yule aliyesomea kazi hiyo na kuvaa sare, na kwa kitenzi cha mzizi huo huo tunasema shangazi alimuuguza mjomba. Lugha haikutenganisha kutibu na kukaa kando. Na sina haja ya kutafuta mfano wa hilo Tanga peke yake. Miezi michache kabla NHS haijaanza, mkimbizi mmoja Myahudi kutoka Poland, David Tasma, alikuwa anakufa kwa saratani katika hospitali ya London akiwa na miaka 40 tu, mbali na kila ndugu. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitali, Cicely Saunders, alikuwa akienda kuketi naye. Mtu huyo asiye na mtu alimwachia pauni 500 na ombi kwamba awe dirisha katika nyumba ambayo mama huyo angeijenga. Saunders akaenda kusomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa bila maumivu na bila upweke. Mbegu hiyo imefika kwetu: Nairobi mwaka 1990, Uganda mwaka 1993. Miaka 19 ya kusoma na kujenga ilitokana na mtu mmoja kukubali kukaa kwenye kiti kando ya kitanda.

Nilirudi Septemba. Najua Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na naiombea itekelezwe hadi kijiji cha mwisho. Lakini sikutaka kungoja maji yatibuliwe na mwingine. Nilikiomba chama chetu cha kufa na kuzikana, chenye kaya 43, tujadili kuuguzana. Kikao kilikuwa kigumu. Bibi mmoja ninayemheshimu sana alisema kuchangia ugonjwa ni uchuro, unauita uje. Mzee wa kanisa akasema jambo zito zaidi: maiti hasemi uongo, lakini mgonjwa anaweza kusingizia, nani atathibitisha? Tulibishana Jumapili tatu. Aliyetukwamua ni mama anayeuza vitumbua sokoni. Alisema kila anayeomba fedha ya mfuko lazima mmoja wetu akalale naye hospitali, na atakayelala ndiye atakayejua kama ni kweli.

Basi daftari letu lina safu mbili. Ya kwanza ni fedha. Ya pili katibu ameiandika: "Analala nani."

Juma hili aliyelazwa ni kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori njia panda. Hajachangia mfuko hata mara moja. Si wa usharika wetu, ndugu zake wako Kigoma, na wauguzi walipomuuliza wamwite nani, alisema hapa Muheza hana mtu. Kamati ilikutana kwa dakika kumi. Kwenye safu ya kwanza zimeandikwa shilingi 85,000 za picha, hogo na dawa. Kwenye safu ya pili Jumatatu amelala fundi cherehani wa stendi, Jumanne mama wa vitumbua, Jumatano ni mimi. Alhamisi na Ijumaa hazijajazwa. Daftari liko kwa katibu, nyumba ya pili kutoka kanisani.